Nani hubaki, nani huachwa: Jinsi klabu ya soka inavyokamilisha kikosi chake kabla ya msimu

Kila mwisho wa Julai, Mwansabombwe hupokea wageni kwa maelfu. Mji huo wa bonde la Luapula, kaskazini mwa Zambia, ndiyo makao ya Mwata Kazembe, mtawala wa Walunda. Wakati huo husherehekewa Mutomboko, ngoma ya ushindi inayokumbusha safari ya Walunda kutoka kwa Mwata Yamvo, katika ardhi ya Kongo ya leo.

Kwa vijana wanaocheza soka katika ukanda huo, kuanzia Mwansabombwe hadi Nchelenge na Kashikishi kwenye mwambao wa Ziwa Mweru, Julai ina uzito mwingine pia. Ligi Kuu ya Zambia iliacha kalenda ya Januari hadi Desemba na, baada ya msimu mfupi wa mpito mwaka 2019, ikaanza kuchezwa kuanzia Agosti hadi Mei. Kwa hiyo ngoma za Mutomboko hulia wakati ambapo klabu za Ndola, Kitwe na Lusaka zinapunguza majina na kufunga orodha za wachezaji wao.

Wengi wanaokwenda kufanya majaribio katika klabu hizo huamini kwamba mguu mzuri utajisemea wenyewe. Mguu mzuri ni sharti la kwanza, lakini sehemu kubwa ya orodha huwa imekwisha kuamuliwa kabla ya mgeni wa kwanza kuvaa viatu. Mikataba, bajeti, kanuni za ligi na karatasi za usajili huamua ni nafasi ngapi zimebaki. Uwanja huamua tu nani atazichukua.

Hesabu huanza msimu unapomalizika

Kazi ya kupanga kikosi kipya huanza wiki chache baada ya mechi ya mwisho, mara nyingi wachezaji wakiwa bado likizoni. Kocha mkuu na wasaidizi wake huandaa ripoti inayowagawa wachezaji katika makundi matatu: wanaotakiwa kubaki, wanaoweza kuuzwa au kutolewa kwa mkopo, na wale ambao mikataba yao haitaongezwa.

Ripoti hiyo hupelekwa kwa uongozi, na hapo maoni ya kocha hukutana na mikataba. Kwa mujibu wa kanuni za Shirikisho la Soka Duniani, FIFA, mkataba wa mchezaji wa kulipwa hudumu angalau hadi mwisho wa msimu na kwa kawaida hauzidi miaka mitano. Mchezaji mwenye miaka miwili iliyosalia hawezi kufutwa kwa kalamu kwa sababu tu kocha mpya hapendezwi na uchezaji wake. Klabu italazimika kumbakiza, kumtafutia timu nyingine au kukubaliana naye juu ya malipo ya kuachana.

Kwa upande mwingine, mchezaji aliyebakiza miezi sita au chini ya hapo katika mkataba wake ana ruhusa ya kuzungumza na klabu nyingine. Ndiyo maana katibu mwangalifu huanza kuhesabu tarehe za mikataba kuanzia Desemba.

Tuchukue mfano wa klabu iliyoamua kuwa na wachezaji 28. Ikiwa 19 wana mikataba inayoendelea, wanne wapya wamekwisha kukubaliwa na uongozi, na wawili wanapandishwa kutoka timu ya vijana, zinabaki nafasi tatu. Vijana 50 wakijitokeza kwa majaribio, hawashindanii nafasi 28. Wanashindania tatu, na huenda moja kati ya hizo imetengwa kwa ajili ya kipa.

Mfuko wa mwajiri

Klabu nyingi kubwa za Zambia zina taasisi nyuma yake. Zesco United ya Ndola ni ya shirika la umeme, Zanaco ina jina la benki, Red Arrows ni ya Jeshi la Anga, Green Buffaloes ni ya Jeshi la Nchi Kavu na Nkwazi ni ya polisi. Bajeti hutoka huko, na kocha hupewa kwanza kiasi cha fedha cha mishahara, kisha idadi ya wachezaji hufuata.

Mfumo huo una athari zake katika orodha. Katika klabu za majeshi na polisi, baadhi ya wachezaji ni waajiriwa wa vikosi hivyo, kwa hiyo kuondoka kwenye kikosi cha soka si lazima kuwe mwisho wa kazi. Katika klabu inayotegemea mfadhili mmoja, kupungua kwa fedha zake huweza kumwondoa mshambuliaji ambaye kocha alimtaka kuliko wote.

Fedha pia hupanga mizani ya umri. Wachezaji wazoefu hugharimu zaidi, kwa hiyo klabu yenye mfuko mdogo huweka wazoefu wachache katika mgongo wa timu, yaani kipa, beki wa kati, kiungo na mshambuliaji, kisha huwazungushia vijana wa mishahara ya chini. Kijana anayetoka mkoani mara nyingi huingia kwa mlango huu.

Kwa nini wachezaji 23, 25 au 30?

Hesabu ya msingi ni rahisi. Uwanjani kuna nafasi kumi mbali na kipa. Ukiweka wachezaji wawili kwa kila nafasi unapata 20, na ukiongeza makipa watatu unapata 23. Hiyo ndiyo idadi iliyotumika katika vikosi vya Kombe la Dunia kuanzia 2002 hadi 2018, kabla ya kuongezwa kuwa 26 mwaka 2022.

Klabu huhitaji zaidi ya hapo kwa sababu msimu wake hudumu miezi tisa au zaidi, ukiwa na majeraha, kadi na safari ndefu. Tangu sheria za mchezo ziruhusu moja kwa moja wachezaji watano kubadilishwa katika mechi za mashindano rasmi, mwaka 2022, thamani ya mchezaji wa akiba imepanda. Kocha sasa huweza kubadilisha nusu ya wachezaji wake wa ndani kabla ya filimbi ya mwisho.

Hata hivyo, kikosi kikubwa mno nacho ni mzigo. Mazoezi hukosa mpangilio, na wachezaji wasiocheza hupoteza ari. Ndiyo maana makocha wengi humpenda mchezaji anayemudu nafasi mbili. Beki wa kulia anayeweza pia kucheza katikati huokoa nafasi moja kwenye orodha, na kati ya wawili wanaolingana kwa kipaji, huyo ndiye hubaki.

Kanuni zinazomfunga kocha mikono

Kila ligi ina masharti yake. Katika Ligi Kuu ya England, klabu huwasilisha orodha ya wachezaji wasiozidi 25, na kati yao wasiozidi 17 ndio wanaoweza kuwa hawakulelewa katika soka ya England au Wales. Wachezaji walio chini ya umri wa miaka 21 hawahesabiwi katika idadi hiyo, jambo linaloziwezesha klabu kuwa na vijana wengi bila kupoteza nafasi.

Tanzania, ambako wachezaji wa Zambia wamepata soko kubwa, kizuizi kikuu ni uraia. Tangu msimu wa 2021/22 klabu za Ligi Kuu ya Tanzania Bara ziliruhusiwa kusajili wageni hadi 12, kutoka kumi wa awali. Kila nafasi ya mgeni huko ni ya kupigania. Clatous Chama alitoka Zambia kujiunga na Simba mwaka 2018, akaenda RS Berkane ya Morocco mwaka 2021, akarejea Simba mwanzoni mwa 2022, kisha akahamia kwa mahasimu wao Yanga mwaka 2024. Kennedy Musonda alitoka Power Dynamos ya Kitwe kwenda Yanga mwanzoni mwa 2023.

Mienendo hiyo hugusa hata mwambao wa Mweru. Mshambuliaji wa Kitwe anapokwenda Dar es Salaam, nafasi hufunguka Kitwe. Klabu ya Kitwe ikimchukua mchezaji wa daraja la chini kuijaza, pengo jingine hufunguka huko chini. Dirisha la usajili ni mnyororo, na kijana wa ligi ya mkoa yuko mwisho wake: habari njema humfikia kwa kuchelewa, pengine siku chache kabla ya orodha kufungwa.

Majaribio: kocha hutazama nini?

Kufika kwenye majaribio ni mtihani wa kwanza. Kutoka Nchelenge, barabara hupita Mwansabombwe kuelekea Mansa, makao makuu ya mkoa. Kutoka Mansa, njia fupi ya kwenda Copperbelt hukatiza ardhi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mahali ambapo mpaka wa nchi hiyo umejipenyeza ndani ya Zambia. Asiye na hati za kuvukia mpaka huzunguka kupitia Samfya na Serenje. Nauli, chakula na malazi mara nyingi ni juu ya mchezaji mwenyewe au jamaa zake.

Akifika, huenda akapewa siku chache tu, na wakati mwingine nusu ya mechi. Katika muda huo, benchi la ufundi halitafuti chenga nyingi. Hutazama mguso wa kwanza, uamuzi wa haraka, jinsi mchezaji anavyojipanga asipokuwa na mpira, na anavyofanya mara tu anapoupoteza. Kijana aliyezoea kuwa nyota kwao, akiokoa timu kwa kupiga chenga watu wanne, huweza kuonekana mbinafsi mbele ya kocha anayetafuta kiungo wa kutoa pasi kwa mguso mmoja.

Kisha huja vipimo vya mwili. Kimojawapo kinachotumika sana ni kile kinachoitwa yo-yo, kilichobuniwa na mtaalamu wa Denmark, Jens Bangsbo. Mchezaji hukimbia mita 20 kwenda na 20 kurudi kwa kufuata mlio, hupumzika sekunde kumi, na kasi huongezeka hadi anaposhindwa. Kipimo hiki hakihitaji mtambo wa bei kubwa, na anayejiandaa nyumbani anaweza kukifanyia mazoezi kwa koni mbili na simu.

Uchunguzi wa afya huja kabla ya kusaini. Kanuni za FIFA haziruhusu uhalali wa mkataba kutegemea matokeo ya vipimo vya afya, kwa hiyo klabu iliyosaini haraka haiwezi kujitoa kwa kisingizio cha goti bovu. Moyo nao hupewa uzito wa pekee, hasa tangu kiungo wa Cameroon Marc-Vivien Foé alipoanguka uwanjani na kufariki dunia mjini Lyon mwaka 2003.

Mechi za kirafiki ndizo hukamilisha picha. Matokeo yake yana uzito mdogo kuliko mashabiki wanavyodhani. Kocha huzitumia kujaribu jozi: beki huyu na yule wanaelewana? Kiungo mpya anamlinda mwenzake anapopanda? Mchezaji huweza kucheza vizuri na bado akaachwa, kwa sababu anayefanana naye tayari yupo.

Nidhamu pia huingia kwenye mizani. Zambia ilipotwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2012 mjini Libreville, chini ya kocha Hervé Renard, haikumaliza mashindano na wachezaji wote iliokwenda nao. Clifford Mulenga alirudishwa nyumbani kwa kosa la nidhamu mashindano yakiendelea. Renard alikubali kubaki na mchezaji mmoja pungufu, na timu ikachukua kombe.

Karatasi zinapoamua mechi

Jina halijawa la mchezaji hadi lisajiliwe. Dirisha la kwanza la usajili, linaloangukia kabla ya msimu, haliwezi kuzidi wiki 12. Mchezaji anayetoka nchi nyingine huhitaji hati ya uhamisho wa kimataifa, na tangu Oktoba 2010 uhamisho wa kimataifa wa wachezaji wa kulipwa wa kiume hupitia mfumo wa kompyuta wa FIFA. Nyaraka ikikosekana, ombi hukwama. Vilevile mchezaji hawezi kusajiliwa na zaidi ya klabu tatu katika msimu mmoja, na mechi rasmi anaweza kuzichezea mbili tu kati ya hizo.

Uzito wa jambo hili unafahamika vyema katika Katanga, ng'ambo ya Ziwa Mweru, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya uwanja. TP Mazembe ya Lubumbashi ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 2009 na 2010. Mwaka 2011 iliitoa Simba ya Tanzania, kisha ikaitoa Wydad Casablanca ya Morocco. Simba ililalamika kwamba beki Janvier Besala Bokungu, aliyewahi kuichezea Esperance ya Tunisia, hakuwa na uhalali wa kuichezea Mazembe. Shirikisho la Soka Afrika, CAF, likaiondoa Mazembe mashindanoni, licha ya klabu hiyo kupinga. Simba na Wydad zilipewa mechi moja mjini Cairo, Wydad ikashinda 3-0, na ikaendelea hadi fainali.

Mgogoro juu ya usajili wa mtu mmoja ulimwondoa bingwa mtetezi, ambaye wapinzani wawili walikuwa wameshindwa kumwondoa kwa mpira. Tangu hapo katibu wa klabu yoyote ya ukanda huu ana mfano wa kumwonyesha kocha mwenye haraka.

Kwa mchezaji wa Zambia anayetoka ligi ya mkoa, mahitaji ni ya kawaida zaidi: kitambulisho cha taifa, ambacho hutolewa kuanzia umri wa miaka 16, rekodi ya usajili wake wa awali, na barua ya kuachiwa na klabu anayotoka. Mwenye majina mawili tofauti katika karatasi mbili, au tarehe mbili za kuzaliwa, huigeuza nafasi yake kuwa tatizo la ofisi. Klabu yenye wachezaji wawili wanaolingana itamchukua yule ambaye faili lake limekamilika.

Nani ana neno la mwisho?

Hakuna jibu moja. Katika klabu nyingine kocha hukabidhi orodha na uongozi huipitisha. Kwingineko mkurugenzi wa ufundi au kamati ya usajili hununua wachezaji, na kocha hupanga alichopewa. Wapo pia wenyeviti na wafadhili wanaokuja na jina mfukoni. Kocha mpya, ambaye hajashinda lolote, huwa na sauti ndogo kuliko aliyeleta kombe msimu uliopita.

Orodha ikishakamilika, hutangazwa kwa namna tofauti. Jijini Dar es Salaam imekuwa sherehe: Simba huwa na Simba Day, ambayo kwa desturi hufanyika Agosti 8, na Yanga huwa na Wiki ya Mwananchi, ambapo wachezaji huitwa mmoja mmoja mbele ya uwanja uliojaa. Wanaoachwa hupewa mkono wa kwaheri kwa picha na maneno machache mtandaoni. Katika klabu ndogo, habari hutolewa kwa simu, au kwa jina kutosomwa asubuhi ya mazoezi.

Anayeachwa ana haki gani?

Hapa tofauti kubwa ni kati ya aliye na mkataba na asiye nao. Kwa FIFA, mchezaji wa kulipwa ni yule mwenye mkataba wa maandishi na klabu, anayelipwa zaidi ya gharama anazotumia kwa ajili ya kucheza. Wengine wote ni wa ridhaa, hata wakifanya mazoezi kila siku pamoja na kikosi cha kwanza.

Mwenye mkataba ana kinga. Asipolipwa mishahara ya miezi miwili, anaweza kuipa klabu notisi ya maandishi ya siku 15, na deni lisipolipwa ana sababu halali ya kuvunja mkataba. Klabu hairuhusiwi kumnyanyasa ili aondoke mwenyewe. Na mchezaji ambaye mkataba wake ulimalizika kabla ya dirisha kufungwa anaweza kusajiliwa hata baada ya hapo, jambo linalompa aliyeachwa Agosti muda wa kutafuta.

Mwenye ahadi ya mdomo hana kinga hiyo. Anayeambiwa aendelee na mazoezi huku mambo yake yakishughulikiwa anaweza kupoteza dirisha zima, na wakati huohuo nafasi yake katika timu aliyoiacha nyumbani ikachukuliwa. Maswali ya kuuliza mapema ni machache: nafasi ngapi ziko wazi katika namba anayocheza, majaribio yatamalizika lini, na nani atasaini kwa niaba ya klabu.

Orodha ya Agosti nayo si ya mwisho kabisa. Dirisha la pili hufunguliwa katikati ya msimu, na majeraha ya miezi ya mwanzo hurudisha majina yaliyokuwa yamewekwa kando. Aliyeachwa kwa heshima, akiwa na namba yake ya simu kwenye daftari la kocha, huweza kuitwa Januari.

Klabu ndogo nazo zina sababu ya kutunza madaftari. Mchezaji mwenye mkataba anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, hadi asilimia 5 ya fedha hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23, kwa kufuata rekodi za usajili wake. Patson Daka alilelewa Kafue Celtic kabla ya kwenda Salzburg ya Austria mwaka 2017 na Leicester City ya England mwaka 2021. Timu ya mwambao wa Mweru iliyomlea kijana kwa miaka mitano bila kumsajili haitakuwa na cha kudai, hata mauzo yake yakiwa ya mabilioni.